Pembe Isiyozunguka

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Leo nimeanza kazi itakayonitoa kwenye kundi la wapiga picha za pasipoti na kuniingiza kwenye kundi jingine. Bado sijajua kundi gani, ila ni la juu.

Habari yenyewe ni hii. Kamusi elezo ya mtandaoni, ile kubwa ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia, imetoa ombi. Wanataka picha zinazozunguka za vifaa vya tiba. Unaweka kifaa katikati, unakipiga picha, unakigeuza nyuzi kumi, unapiga tena, hivyo hivyo mpaka kimalize duara. Picha thelathini na sita. Ukiziunganisha, kifaa kinazunguka chenyewe mbele ya macho ya walimwengu. Na chini yake linaandikwa jina la mpiga picha. Milele!

Miaka ishirini na mbili nimepiga picha za watu wasioruhusiwa kucheka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza picha yake kutafuta jina langu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa jiografia, ana picha arobaini na moja kwenye kamusi hiyo. Zote za madaraja. Moja ilichaguliwa kuwa picha ya wiki, na tangu hapo hajawahi kula kwetu bila kulitaja daraja lile kabla ya kunawa mikono. Mimi namwita Madaraja. Si mbele yake.

Vifaa ninavyo. Mke wangu ni mkunga, amestaafu mwezi Julai, na kabati la chumbani kwetu lina vitu ambavyo zahanati nyingine hazina. Nimechukua stethoskopu na mashine ya presha, kwa ruhusa. Pia nimechukua pembe. Bila ruhusa, lakini kwa nia njema.

Pembe ndiyo mpango mzima. Ni ya mbao, inaenea mkononi, mdomo mpana upande mmoja na kisahani upande wa pili. Mkunga anaweka ule mdomo juu ya tumbo la mama, anabandika sikio kwenye kisahani, anasikiliza moyo wa mtoto unavyodunda huko ndani. Mke wangu amewasikiliza nusu ya wakazi wa mtaa huu kwa pembe hiyo, wakiwemo wanaonitukania kelele za jenereta. Jumapili anamkabidhi binti yetu, ambaye amemaliza mafunzo ya ukunga na anaanza kazi wiki ijayo. Binti huyo nyumbani tunamwita Panya. Sikumbuki kwa nini. Ni jina la tangu mdogo.

Pembe itakuwa imerudi kabatini kabla ya Jumapili. Nini Jumapili? Kabla ya Jumatano!

Jumanne, 7 Oktoba

Tatizo la kwanza: kitu cha kuzungushia. Nimejaribu kiti cha studio, kile wanachokalia wateja. Kinazunguka, lakini kinashuka kikizunguka. Mashine ya presha ilianza usawa wa macho yangu ikamalizia magotini.

Mwoka keki wa mlango wa pili ana kisahani cha chuma kinachozunguka, anachopambia keki. Nikaenda na uso wa huruma. Akakubali, kwa sharti kirudi Ijumaa, maana ana keki ya harusi. Nikaapa. Kisahani ni kizuri mno, kinateleza kama siagi. Nimekichora alama thelathini na sita pembeni kwa kalamu. Hajaniruhusu kuchora. Nitafuta.

Stethoskopu imenishinda. Nikiipanga vizuri, nikigeuza, mpira mmoja unachomoka na kuning'inia. Picha ya tisa ilianguka yote. Mashine ya presha nayo ina waya unaojisokota, ikifika nusu ya duara imejifunga yenyewe kama mateka. Nimeziweka kando zote mbili. Pembe pekee ndiyo mteja anayejua kutulia. Nilimwambia "kidevu juu kidogo" kwa mazoea, nikacheka peke yangu.

Nikapiga duara la majaribio, haraka haraka, bila taa. Ukungu ukungu. Ukuta wa nyuma unaonekana wa njano. Kwa haraka ile pembe ikayumba, nikaishikilia, kwa hiyo kidole changu gumba kimeingia kwenye picha tatu. Na ukiitazama pembe kwa karibu, loo, imechakaa! Mbao imepauka. Ukingoni kwenye mdomo mpana kuna vijishimo vinne vya ajabu, viwili juu na viwili chini, sijui iliangukia wapi.

Nikamtumia Madaraja picha zote za majaribio kwenye simu. Si kwamba natafuta ushauri wake. Nilitaka ajue kwamba shemeji yake hayumo tena kwenye pasipoti. Alijibu baada ya dakika mbili tu. Kwamba ni kazi nzuri, ameipenda, ila kidole changu kinaonekana. Halafu akauliza kama ningependa aniazime mwongozo wake wa kupiga picha.

Mwongozo! Anayepiga vitu visivyoweza hata kukimbia! Nimemfungia kwenye simu. Nimefuta mazungumzo yote, na picha za majaribio nimezifuta kwenye kamera vilevile. Takataka siweki.

Jumatano, 8 Oktoba

Wazo! Kwa nini dunia ione pembe iliyochakaa? Hakuna mtu anayekuja kupiga picha ya pasipoti na nywele timtim. Namchana kwanza.

Nimenunua karatasi ya msasa kwa fundi seremala na kopo dogo la vanishi, rangi ya kahawia nzito. Nimeipiga msasa pembe asubuhi nzima. Vile vijishimo vinne vilikuwa vikaidi, hasa viwili vya juu. Fundi alipita akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kila mtu na fani yake. Saa saba mchana ukingo ulikuwa laini kama yai.

Vanishi mara mbili. Mistari ya mbao imezama kabisa. Hakuna doa, hakuna mkwaruzo, hakuna chochote. Ukiitazama upande huu na upande ule ni kitu kilekile. Ukamilifu mtupu!

Nyumbani mke wangu aliuliza mbona nanuka rangi. Nikasema napaka fremu. Akasema vizuri, maana fremu zile zinatia aibu. Nilijisikia vibaya kidogo, kama dakika nne hivi. Ila nikajipa moyo: Jumapili atakapoichukua kuifunga kwenye khanga ya zawadi, ataona pembe mpya inang'aa, atalia. Hapo ndipo nitajitokeza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imekamilika! Picha thelathini na sita, taa mbili, karatasi nyeupe nyuma, kidole hakuna. Nimefunga mlango wa studio nikaandika "Narudi punde", na watu watatu waliotaka picha za haraka wakaondoka wakinung'unika. Wavumilivu wangeelewa. Nimeziunganisha kwenye kompyuta, nikazipakia, nikajaza fomu. Jina la kitu. Matumizi. Mpiga picha: mimi!

Nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta naitazama pembe yangu. Imetulia. Ina heshima. Nilifikiri labda kompyuta yangu ni nzito ndiyo maana haizunguki. Ya zamani hii.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote. Naandika kwa mpangilio maana kichwa kimevurugika.

Asubuhi, ujumbe kutoka kwa mhariri wa kamusi. Anajiita Kinyonga Mpole. Ananishukuru kwa mchango wangu, anasema picha ni safi sana, na je, naweza kupakia ile inayozunguka?

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo inayozunguka.

Akajibu kwamba ameitazama dakika nne nzima. Inawezekana, akasema, ana tatizo la macho, na ameomba wahariri wenzake wawili waitazame pia.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwandikia aya tatu. Nimemweleza mtandao wa kwao ulivyo, nimemweleza uzoefu wangu wa miaka ishirini na mbili, nimegusia kwamba huenda kuna mtu fulani wa madaraja anatumia ushawishi wake. Kinyonga Mpole akajibu kwamba wenzake wawili nao wameona pembe imesimama, na kwamba mmoja wao ameisifu sana kwa kusimama.

Saa nne mwoka keki alikuja kuchukua kisahani chake. Akaona alama za kalamu, akazifuta kwa mate na kona ya aproni. Halafu akaangalia kompyuta akauliza mbona nimepiga picha moja tu. Nikamwambia kwa uchungu kwamba ni thelathini na sita na zinazunguka muda huu anapoongea. Akasogea. Akatazama. Akaanza kutikisa kichwa taratibu.

Akanieleza jambo ambalo sitalisahau. Kwamba keki ya duara, ikishapakwa krimu nyeupe yote, unaweza kuizungusha mpaka kesho na hakuna atakayejua kama inazunguka au imesimama. Mpaka uweke ua la kwanza. Ukiweka ua moja tu, keki nzima inaanza kuzunguka. Kisha akachukua kisahani chake akaenda zake.

Kitu cha duara hakionekani kuzunguka kama hakina alama! Na mimi alama nilikuwa nazo! Nne! Nimezifuta kwa mikono yangu, asubuhi nzima, na jasho likinitoka!

Sawa. Mwanamume hakati tamaa. Nikachukua msumari na nyundo ndogo ya fremu. Nikajaribu kukumbuka vile vijishimo vilikaaje. Viwili juu, viwili chini. Nikaweka ncha ya msumari kwenye ukingo.

Mke wangu akaingia.

Alikuwa ameenda kabatini kuifunga pembe kwenye khanga mpya, akaikosa, akakumbuka harufu ya rangi. Hakupiga kelele. Aliichukua mkononi mwangu, akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, akazunguka nacho. Akarudia. Akarudia tena upande wa pili.

"Yako wapi?" akauliza.

Nikasema nini.

"Meno."

Nikagusa mdomo wangu. Nilidhani kuna kitu kimetokea kwenye meno yangu.

Akavuta kiti cha wateja akakaa, kikashuka naye kidogo. Akaniambia. Mwaka ambao nilikuwa nafungua studio na sikuwa na muda wa kumshika mtoto, alikuwa anakwenda naye zahanati, mgongoni. Siku moja amezalisha mapacha, ameenda kunawa, kurudi anamkuta mtoto amekaa juu ya meza na pembe mdomoni, anaitafuna. Miezi minane. Meno manne ndiyo kwanza yametoka. Kuanzia siku hiyo wauguzi wote wakamwita Panya.

"Kila nilipoishika, kidole kilikaa hapo," akasema. "Miaka ishirini na mbili. Hata nikiwa na mama anayepiga kelele, kidole kikifika hapo nilikuwa natulia. Nilishakueleza mara ngapi, mwenzangu?"

Alishanieleza. Sasa nakumbuka. Nilikuwa nasafisha lenzi na nikawa naitikia ndiyo, ndiyo.

Ameondoka na pembe. Msumari bado uko mezani. Siwezi hata kuutazama.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mke wangu hajaninunia. Afadhali angeninunia. Amenipakulia chakula vizuri, nyama nimepewa kubwa, kisha akasema "karibu" kama mtu anayemkaribisha mgeni kutoka ofisi ya maji. Baada ya kula akaniuliza kama nimeshiba. Nikasema nimeshiba. Akasema vizuri. Roho yangu iko chini ya viatu.

Nimempenda mwanamke huyu tangu nilipokuwa msaidizi kwenye studio ya mtu, akaja kupiga picha ya chuo cha uuguzi na akakataa katakata kufunga mdomo. Nimefuta kitu alichokishika miaka ishirini na mbili. Na nilikuwa napiga mluzi nikikifuta.

Katikati ya kuosha vyombo (nimeosha vyombo) nikakumbuka: picha za majaribio! Zile za ukungu, za ukuta wa njano! Zilipigwa kabla ya msasa. Meno yamo! Nikakimbilia kamera. Nimezifuta. Nikakimbilia simu. Nimezifuta. Mtu mmoja tu hapa duniani anaweza kuwa nazo.

Nimesimama mlangoni kwa Madaraja robo saa nikipanga maneno. Mpango A: kumwambia namfanyia ukaguzi wa simu. Mpango B: kusingizia virusi. Alifungua mlango kabla sijachagua.

Akanikaribisha kwa furaha zote. Akasema alijua tu simu yangu imeharibika, maana tangu Jumanne haipatikani. Nikasema ndiyo, imeharibika. Ikalia mfukoni palepale. Akajifanya hasikii.

Nikamweleza shida yangu nusunusu. Akasema picha anazo, hakuna tatizo, ila kwa kuwa nimekaa, anionyeshe kitu kwanza. Nikajua nimekwisha.

Madaraja arobaini na moja! Moja moja. Upana, urefu, mwaka, aina ya nguzo. Kwenye la kumi na saba nilifanya kosa la kuuliza swali kwa adabu, kuhusu kutu, likanigharimu saa nzima. Daraja la wiki tumelitazama mara mbili, mara ya pili akiwa amelikuza ili nione ndege aliyetua juu yake. Sikupinga. Leo sikuwa na mdomo wa kupinga.

Mwishowe akafungua folda. Imeandikwa "Kazi za Shemeji". Nilidhani nimesoma vibaya. Humo ndani kuna kila kitu nilichowahi kumtumia. Picha ya kibao cha studio siku nilipokipaka rangi. Picha ya mbuzi aliyeingia studio akakaa kwenye kiti. Picha ya machweo niliyomtumia miaka sita iliyopita kumkomoa. Vyote, kwa tarehe. Macho yakaniwasha. Nikasingizia vumbi, na yeye akainuka kufungua dirisha.

Zile za majaribio alikuwa ameshaziunganisha, kwa kutaka tu kuona. Akabonyeza. Ukuta wa njano, ukungu, na pembe ya zamani iliyopauka. Na inazunguka! Vijishimo vinne vinakuja mbele, vinapita, vinapotea nyuma, vinarudi. Halafu kidole changu kinachungulia kidogo na kuondoka.

"Haya si meno ya Panya?" akauliza.

Hata yeye anajua! Hata Madaraja! Nikasema ndiyo, ni ya Panya. Kisha nikamweleza yote, msasa, vanishi, msumari, bila kupunguza. Hakucheka. Akasema tu kwamba yeye aliwahi kupaka rangi ukuta ambapo mama yao alikuwa anawawekea alama za urefu walipokuwa watoto, na kwamba mama alikaa wiki mbili akimwita "bwana".

Jumapili, 12 Oktoba

Walikuja wote mchana. Panya na sare yake mpya kwenye mfuko wa nailoni, Madaraja na kompyuta yake, na mama mkwe na mkongojo wake, anaogonga nao mlango, meza, na mtu yeyote anayechelewa kumjibu. Amesema atakaa kwetu mpaka Ijumaa.

Baada ya chakula mke wangu akaleta kifurushi cha khanga. Hakunitazama. Nilijua atasema maneno mazuri ya kumkabidhi mtoto na hatanitaja, ili asinivunjie heshima mbele ya watu. Hilo lingeniua kabisa. Nikasimama. Nikagonga kiti kikaanguka.

"Panya," nikasema, "kabla hujaifungua. Ilikuwa na meno yako, na mimi nimeyafuta. Nilitaka ipendeze. Samahani, mwanangu. Samahani, mama Panya."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu zaidi ila iliishia hapo.

Mama mkwe akauliza nimesema nini. Madaraja akamwambia sikioni. Mama mkwe akainua mkongojo, akafikiri, akaushusha.

Panya akafungua khanga. Akaigeuza pembe, akaitazama vanishi yangu, akapitisha kidole ukingoni kama mama yake alivyofanya, kidole kilekile, mwendo uleule. Nikatamani ardhi ipasuke. Halafu, bila kuomba ruhusa ya mtu, akafungua mdomo akaiuma.

Si kidogo. Aliiuma kwa nguvu, macho ameyafumba, tukasikia mbao inalia. Akaitoa, akaitazama, akaiuma tena pembeni kidogo kwa uhakika. Akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Vanishi yako chungu, Baba," akasema, akampa mama yake.

Mke wangu akaweka kidole gumba pale. Meno makubwa sasa, ya mtu mzima, yamejipanga. Akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu mwili mzima, mpaka akajishikilia meza. Kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Panya naye. Mama mkwe akaomba aoneshwe, akasema huyu mtoto hajabadilika.

Madaraja akafungua kompyuta akamwonyesha dada yake zile za majaribio. Meno manne madogo yanakuja, yanapita, yanarudi. Aliangalia muda mrefu sana. Halafu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika mkono wangu, akanikalisha pembeni yake.

"Hiki ni kidole chako?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Kibaya," akasema, lakini hakuniachia.

Nimefurahi siku hii kupita kiasi. Pia nimegundua kwamba alama mpya ziko kama nyuzi mia na ishirini kutoka pale zilipokuwa za zamani. Zingefaa sana kwa picha. Sikusema.

Jumatano, 15 Oktoba

Ushindi! Kinyonga Mpole amekubali! Ameandika kwamba sasa inazunguka, wahariri wote watatu wameona, na hiyo ndiyo pembe pekee ya mkunga katika kamusi nzima yenye alama za matumizi ya kweli. Akauliza kidole ni cha nani. Nikamjibu. Kwa hiyo chini ya picha pameandikwa kwamba kidole ni cha mpiga picha. Nimo! Jina na kidole!

Mpakiaji ni Madaraja, kwa kuwa nakala ilikuwa kwake, hivyo sasa yeye anahesabu arobaini na mbili. Nimelimeza. Nimemfungulia kwenye simu. Dakika hiyohiyo akanitumia daraja.

Panya ameanza kazi jana. Mama yake ameniambia kwamba mtoto wa kwanza aliyemsikiliza kwa pembe ile alikuwa wa kiume na moyo wake ulikuwa unakimbia vizuri. Aliniambia hayo akiwa anachana nywele zangu kwa vidole, jambo ambalo hajalifanya tangu Machi.

Nimejifunza mengi wiki hii na nayaandika hapa ili nisiyasahau. Usifute picha za majaribio. Ondoa kidole. Usibishane na kinyonga.

Sasa kamusi imetoa ombi jipya: vifaa vya kutembelea, magongo, fimbo, mikongojo. Bahati iliyoje! Mama mkwe yuko hapa mpaka Ijumaa, na sasa hivi amelala. Mkongojo wake uko mlangoni. Mzuri sana, mbao ngumu, umbo safi. Kasoro yake ni moja tu. Pale kwenye mshikio mtu ameuharibu kwa kisu, vijikato saba vimepangwa mstari. Mama mkwe ana wajukuu saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiri.

Msasa nimebakiwa na nusu karatasi. Itatosha.